Ngomeni kwa Wamazrui: Ukoo uliotawala Mombasa

Ndugu msomaji, kama umewahi kuwapeleka watoto Mombasa wakati wa likizo, bila shaka mlifika Fort Jesus. Mlilipa kiingilio, mkapiga picha karibu na mzinga, mkaambiwa na mtembezaji kwamba ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, kwamba aliyeichora ni Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, na kwamba ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala chali. Kisha mkatoka kwenda kula viazi karai na kunywa madafu. Hayo yote ni kweli, wala si mabaya. Ila Wareno hao, ambao watoto wetu hukariri habari zao shuleni, waliikalia ngome ile kwa muda wa kama miaka mia moja tu. Baada yao ikawa nyumba ya ukoo mmoja kwa karibu karne nyingine nzima. Ukoo huo ungalipo. Makaburi yake yako hapo hapo, mkabala na ngome, na wengi wetu huyapita tukitafuta kivuli.

Hawa ni Wamazrui. Jina hilo umelisikia, hata kama huna habari za ukale wa Mvita. Umelisikia kwenye redio likitajwa la Profesa Ali Mazrui, au umelisoma juu ya jalada la kitabu cha fasihi. Leo nakuomba tuanze mbali kidogo, kabla ya profesa na kabla ya vitabu.

Wareno walifukuzwa na Waarabu wa Omani. Mazingira ya ngome yalianza Machi 1696 yakaisha Disemba 1698, yaani miezi 33. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Manowari moja ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo Antonio de Tanna, ilizama mwaka wa 1697 chini ya kuta za ngome, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa humo na wapiga-mbizi miaka ya 1970 utaviona ndani ya jumba la makumbusho. Omani ilipoutwaa mji iliweka liwali wa kuutawala kwa niaba ya Imamu. Wamazrui walikuwa miongoni mwa koo zilizotoka Omani, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1730 uliwali ulikuwa mikononi mwa mtu wao, Muhammad bin Uthman.

Mambo yangeishia hapo, liwali akusanye ushuru na kuupeleka kwa bwana wake. Lakini mapema miaka ya 1740 kule Omani ufalme ulipinduka. Nasaba ya Yaarubi, iliyomtuma Muhammad bin Uthman, iliangushwa, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika nchi. Liwali wa Mombasa alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Imamu mpya hakurithi, alijitwalia tu Omani kwa nguvu zake. Kwa nini basi na yeye asijitwalie Mombasa?

Jibu la Omani lilikuja kwa dau la urafiki. Mwaka wa 1746 waliwasili watu waliojifanya wamegombana na Imamu na wanatafuta mahali pa kukaa. Liwali aliwakaribisha. Wakamwua humo humo ngomeni, wakamfunga nduguye, Ali bin Uthman. Ali alitoroka kifungoni akavuka hadi bara. Kwa msaada wa watu wa mji na wa Wamijikenda akarudi, akaitwaa ngome tena na kuwaua waliomwua nduguye. Tangu hapo Mombasa ikawa dola yenyewe, haina bwana wa ng'ambo.

Soma tena hiyo sentensi kuhusu Wamijikenda, kwa sababu hapo ndipo penye siri ya utawala wa Wamazrui. Ukoo wenyewe ulikuwa mdogo. Usingeweza kuishika Mombasa hata kwa juma moja bila ya Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, tisa upande mmoja na matatu, Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, upande mwingine. Wala mji usingeshiba na kulindwa bila majirani wa bara, Wagiriama, Wadigo, Warabai na wenzao, waliokuja na nafaka, pembe na mishale. Liwali aliyejua kazi yake alikuwa mtu wa baraza, wa kugawa nguo na kusikiliza mashauri. Na ndani ya vizazi viwili vitatu watu hawa waliotoka Omani walikuwa wameoa mjini, wakanena Kimvita na kuishi Kiswahili. Hata madhehebu walibadilisha. Walikuja wakiwa Waibadhi, wakaishia kuwa Wasunni wa Kishafii kama watu wa pwani waliokaa nao.

Ukumbi wenye nakshi

Ukiingia ngomeni, usikimbilie mizinga. Uliza Ukumbi wa Wamazrui. Utaonyeshwa chumba ambacho kutani mwake bado mna nakshi za maua na mizunguko, zimefifia, na juu yake vizingiti vya mbao. Hapa si mahali pakubwa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu yangu alimwambia mwenzake kwamba sebule ya mjomba wake Buruburu ni kubwa kuliko hiyo. Huenda ni kweli. Walakini katika ngome hii yalikatwa mashauri ya Pemba, ya Pate na ya Lamu, na vita vikaanzishwa kwa neno moja.

Pemba ilikuwa ghala la Mombasa, na mchele wake ndio uliowalisha askari. Wamazrui waliishikilia, na Ali bin Uthman alitamani na Unguja pia. Mwaka wa 1753 alivuka kwenda kuishambulia. Alikuwa karibu kushinda pale alipouawa na mtu wa jamaa yake mwenyewe, na jeshi likarudi nyumbani. Mara kwa mara katika historia hii utaona ukoo ukijiumiza wenyewe kuliko ulivyoumizwa na adui. Sijui kama kuna ukoo wowote mkubwa usio na habari ya namna hiyo.

Kosa kubwa zaidi lilitendeka Shela. Karibu mwaka wa 1812, Mombasa na Pate ziliungana kwenda kuitiisha Lamu. Wapiganaji waliteremka ufukweni Shela, wakapigwa vibaya, na maji yalipokupwa majahazi yao yakawa yamekaa mchangani, hayaendi popote. Watu wa Lamu wanasimulia hadi leo habari za mifupa iliyoonekana kwenye vilima vya mchanga. Lakini hasara yenyewe haikuwa watu waliokufa siku ile. Lamu, kwa kuhofu kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Omani. Naye hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alipeleka askari, ngome ya Lamu ikamaliziwa, na kwa mara ya kwanza ukoo wa Busaidi ukapata mahali pa kukanyaga kaskazini mwa Mombasa.

Seyyid Said alikuwa mjukuu wa yule Imamu aliyekataliwa na Muhammad bin Uthman. Deni lilikuwa la zamani.

Husimuliwa kwamba Abdalla bin Ahmed, aliyeshika uliwali mwaka wa 1814, alipotakiwa kupeleka heshima kwa Seyyid, alimpelekea fulana ya vita ya chuma, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Mshairi wa zama hizo, Muyaka bin Haji, aliyezaliwa kama mwaka wa 1776, alikuwa upande wa Wamazrui waziwazi, na mashairi yake mengi ni majibizano ya siasa ya vita hivi. Ninyi wanafunzi mnaomsoma Muyaka darasani kama bingwa wa mafumbo, kumbukeni kwamba mafumbo yale yalikuwa na watu ndani yake, wenye majina na majahazi. Wakati ule shairi lilivuka bahari na kujibiwa na washairi wa upande wa pili kabla vumbi la vita halijatua.

Bendera ya Waingereza

Kufikia mwaka wa 1823 Pemba ilikuwa imekwenda kwa Seyyid na Mombasa ilikuwa imebanwa. Ndipo Wamazrui walipofanya jambo ambalo hata mimi nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia. Waliomba ulinzi wa Waingereza. Februari 1824 alifika Kapteni William Fitzwilliam Owen kwa manowari Leven, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika kwa ajili ya ramani. Liwali wakati huo alikuwa mzee Suleiman bin Ali. Owen, mtu aliyechukia biashara ya watumwa, alikubali bendera ya nchi yake ipepee juu ya ngome, kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe na ushuru ugawanywe nusu kwa nusu.

Alimwacha kijana wake, Luteni John James Reitz, kuwa mkuu wa mji. Reitz alikufa kwa homa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Kila uonapo Port Reitz, kule karibu na uwanja wa ndege wa Moi, unasoma jina lake. Jina la ile manowari nalo limebaki kwenye jumba la Leven House, Mji wa Kale. Ulinzi wenyewe haukudumu. Serikali ya London haikutaka kumwudhi Seyyid Said, aliyekuwa rafiki yake, na mwaka wa 1826 bendera ilishushwa. Wamazrui waliachwa peke yao mbele ya mtu waliyemtukana kwa kibaba.

Seyyid alikuja Januari 1828 na kundi la manowari, moja ikiwa Liverpool yenye mizinga 74. Aliingizwa ngomeni kwa mkataba, akaacha askari wake na kuondoka. Watu wa Mombasa wakawazingira askari hao mpaka njaa ikawatoa. Akarudi mwaka wa 1829, akashindwa. Akaja tena mwaka wa 1833, akashindwa. Mtawala huyu, ambaye vitabu vingi humsifu kwa kuijenga Zanzibar, hakuweza kuutwaa mji huu mdogo kwa mizinga, na Salim bin Ahmed, liwali wa mwisho mwenye nguvu, ndiye aliyemzuia.

Salim alifariki mwaka wa 1835. Jamaa wakaanza kugombania kiti. Wakubwa wa mji, hasa upande wa Wakilindini, walichoka, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid. Mwaka wa 1837 aliingia Mombasa bila vita vya kutajika. Liwali Rashid bin Salim alikubali masharti na kubaki mjini kama raia. Muda si mrefu yeye na wakubwa wa ukoo, zaidi ya watu ishirini, walikamatwa kwa hila, wakatiwa minyororo na kupakiwa melini. Walipelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi. Hawakurudi.

Ukisimama leo juu ya ukuta unaoelekea bahari, pale watalii wanapopigia picha mlango wa bandari ya zamani, unatazama njia waliyopitishwa.

Gazi na Takaungu

Waliosalia walikimbia pande mbili. Wengine walikwenda kusini, Gazi, wengine kaskazini, Takaungu, na kwa muda wa miaka hamsini na zaidi wakaishi huko kama watawala wadogo chini ya kivuli cha Zanzibar. Sehemu hizi mbili nakusihi uzitembelee, kwani huko watalii ni wachache na habari ni nyingi.

Gazi iko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Unavuka feri ya Likoni, unapita Ukunda na kufuata barabara ya Lungalunga. Leo kijiji kinajulikana zaidi kwa mikoko yake. Kina mama wamejenga daraja la mbao la kutembezea wageni ndani ya msitu wa mikoko, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013, huuza hewa ya kaboni na fedha zake kutumika kwa maji na shule. Lakini hapa ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule liwali aliyefia uhamishoni. Mlango wa nakshi wa nyumba yake ulihamishiwa Fort Jesus, na huko ndiko utakakouona.

Mbaruk aliasi dhidi ya Zanzibar mara kadhaa, akishindwa anakimbilia boma lake la Mwele, milimani, akisamehewa anarudi Gazi. Kisha mwaka wa 1895 Sheikh wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kwa desturi ya ukoo aliyestahili kumrithi alikuwa Mbaruk mwingine, mpwawe. Kampuni ya Waingereza iliyotawala wakati huo ilimpendelea Rashid, mtoto wa marehemu, ikamkalisha yeye kwa nguvu. Vita vikalipuka. Mbaruk wa Gazi, aliyekuwa sasa mzee, alivutwa ndani yake kwa sababu damu ilimwita. Mwezi wa Julai serikali yenyewe ya Uingereza ilichukua nchi kutoka kwa Kampuni ikiwa na moto mkononi. Tarehe 17 Agosti 1895 Jemadari Rawson aliivunja Mwele. Wapiganaji waliendelea kuvizia vichakani, vijiji vikateketezwa, hata ikabidi waletwe askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk na maelfu ya watu wake walivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alimalizia maisha yake Dar es Salaam.

Je, Mbaruk alikuwa mpigania uhuru? Katika vitabu vya shule utamkuta kwenye orodha ya waliompinga mkoloni. Vita vyake vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuikabili serikali ya Mwingereza katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, wakati reli ya Uganda ndiyo kwanza inaanza kutandazwa. Nilimuuliza mzee mmoja mvuvi pale Gazi, aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe, kama wanamwenzi Mbaruk kama shujaa.

"Mwanangu," aliniambia bila kuinua macho, "babu yake baba yangu alikuwa mtumwa hapa. Wewe wataka nikwambie ya mwenye nyumba, au ya mwenye kuteka maji?"

Nilimwambia nataka yote mawili. Akacheka, akanionyesha nikae.

Basi na mimi nakwambia yote mawili. Mashamba ya Gazi na Takaungu, yaliyotoa mtama na ufuta uliouzwa hadi Uarabuni, yalilimwa kwa jasho la watumwa. Wengi walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao vya siri barani au wakakimbilia vituo vya wamisheni Rabai na Freretown. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka wa 1907. Mwandishi anayekusimulia ushujaa wa Wamazrui akanyamaza hilo amekupa nusu ya habari. Na anayekusimulia utumwa peke yake, kana kwamba Mwingereza alikuja Mwele kwa ajili ya kuwakomboa watu na si kwa ajili ya bandari na ushuru, naye amekupa nusu nyingine.

Mzee yule alikuwa na neno jingine. Alisema kwamba watoto wa mwenye nyumba na watoto wa mtekaji maji wameoana, wamesoma chuo kimoja na kuzikwa makaburi yaliyo karibu, na kwamba wanaogombana siku hizi hawagombani kwa mambo ya Mbaruk. Wanagombana kwa ardhi.

Kutoka upanga hadi kalamu

Baada ya 1896 ukoo haukuwa na ngome wala jeshi. Fort Jesus yenyewe ilikuwa imegeuzwa jela mwaka wa 1895, ikabaki hivyo hadi 1958. Sijui kama kuna tusi kubwa kuliko kuona ikulu ya babu zako imejaa wafungwa wa mkoloni. Lakini elimu ilikuwa imeanza kuchukua mahali pa upanga tangu zamani. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, aliyefariki mwaka wa 1894, alisomesha Ushafii waziwazi hata Sultani Barghash wa Zanzibar akamfunga, asifunguliwe mpaka Sultani alipofariki mwaka wa 1888.

Mtoto wake, Sheikh Al-Amin bin Ali, alizaliwa mwaka wa 1891. Huyu ni mtu ambaye sisi wa magazeti ya Kiswahili tunapaswa kumtaja kwa adabu. Mwaka wa 1930 alianza karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na miaka miwili baadaye Al-Islah. Humo aliwakaripia Waislamu wenzake wa pwani bila kuwaonea haya: mnatumia fedha kwa maharusi na ngoma huku watoto wenu hawasomi, mnauza ardhi kwa wageni kisha mnalalamika, mnamwacha mwanamke bila elimu kisha mnashangaa nyumba ikiwa giza. Makala zake zilikuja kukusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka wa 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akaishikilia kazi hiyo hadi alipofariki mwaka wa 1947. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake. Ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1995, karibu nusu karne baada ya kufa kwake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, naye alikuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru.

Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa miaka kumi na minne, jina lake Ali. Wazazi wenye watoto waliokosa alama nzuri, nisikilizeni. Kijana huyu alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu. Makerere ilimkataa. Akawa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu hapo Mombasa, kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Siku moja ya Maulidi alitoa hotuba, na miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwepo Gavana, Sir Philip Mitchell. Njia ikafunguka. Mwaka wa 1955 alikwenda Uingereza kumalizia shule, akaendelea hadi Manchester, Columbia na Oxford. Na kabla ya miaka ya 1960 kwisha alikuwa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa, akijibizana na wakubwa wa nchi hadharani, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke Uganda na kwenda Marekani. Mwaka wa 1986 filamu zake za televisheni kuhusu urithi wa Afrika wa aina tatu, wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, zilizua mabishano makubwa huko Marekani. Ukizitazama ukikumbuka Mvita, utaona kwamba alikuwa akiielezea nyumba ya baba yake.

Mpwa wake, Alamin Mazrui, aliandika tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini bila mashtaka, na mashairi aliyoyatunga huko yakatoka kama kitabu, Chembe cha Moyo, mwaka wa 1988. Kalamu, kumbe, nayo hupeleka watu gerezani.

Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Aliletwa Mombasa kama alivyousia, akasaliwa Mji wa Kale katika Msikiti wa Mbaruk na kuzikwa makaburini kwao, hatua chache kutoka ngome ambayo babu zake walitolewa kwa minyororo.

Na ile ardhi? Takaungu ndiko yaliko mabishano. Mwaka wa 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwatengea Wamazrui ardhi ya Takaungu iwe ya ukoo mzima. Mwaka wa 1989 Bunge letu liliifuta sheria hiyo. Wamazrui walikwenda mahakamani, na kesi ikachukua miaka mingi. Upande mmoja una hati na makaburi. Upande mwingine una familia za Wamijikenda na za wajukuu wa watumwa, waliopanda minazi hapo na kuvuna tangu kukumbukwa, na hawana mahali pengine pa kwenda. Nimewasikia watu wa pande zote mbili. Ni vigumu kumwambia mtu yeyote kati yao kwamba hana haki.

Kama unataka kwenda mwenyewe, kutoka Mombasa panda matatu ya Kilifi na umwambie utingo akuteremshe njia panda ya Takaungu, kabla ya kufika daraja la Kilifi, kama kilomita 50 hivi. Kutoka barabara kuu hadi kijijini ni kwa bodaboda. Nenda asubuhi, kabla jua halijapamba moto. Ukiwa Mombasa, makaburi ya Wamazrui si bustani ya kupigia picha. Toa salamu, omba ruhusa kwa aliye karibu, na kina mama wawe na mtandio. Fort Jesus, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011, hufunguliwa kila siku. Waambie watoto watafute ule mlango wa Gazi wenyewe kabla hujawaonyesha.